Mwenye nyumba anataka saini yangu ili akate mwarobaini wa barabarani

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani. Nimepanga fremu upande wa Ilemela, kwenye mtaa unaotokea barabara ya uwanja wa ndege. Mtaa wenyewe sitautaja, sababu utaiona. Mbele ya fremu zetu, ng'ambo ya mtaro, kuna mwarobaini mkubwa na maisha yetu ya mchana yako chini yake. Vijana wa bodaboda wana kijiwe pale, kuna mama anakaanga sato, na mimi jua likishapanda natoa cherehani nje kwa sababu bati la fremu linachoma. Wateja wangu wanasubiri kwenye benchi lililoegemezwa kwenye shina hilohilo.

Mwaka huu mwenye nyumba ameamua kubomoa fremu za mbele ajenge za ghorofa. Sina ugomvi na hilo, nyumba ni yake. Tatizo ni mti. Anasema unaziba fremu, wapangaji wa maana hawatakuja mahali pasipoonekana barabarani, na lori la kokoto linashindwa kugeuza. Tulipomuuliza kama ana kibali alicheka. Alisema baba yake aliupanda kwa mkono wake enzi za Mwalimu, na uko mbele ya nyumba yake, sasa kibali cha nini?

Halafu asubuhi moja tukakuta shina limebanduliwa gome. Mkanda wa upana wa kiganja, karibu kuzunguka mti wote, na chini kwenye mizizi panakunuka oili chafu. Hakuna aliyeona ni nani. Vijana wa boda walipaka udongo wakafunga gunia. Mti bado una majani, ila upande mmoja yameanza kuwa ya njano.

Wiki iliyopita mwenyekiti wa mtaa amekuja na mwenye nyumba wakiwa na barua iliyochapwa tayari. Inasema "sisi wakazi na wafanyabiashara" tunaomba mti uondolewe haraka kwa kuwa umeoza na unahatarisha maisha. Majina yetu yameshaorodheshwa, kilichobaki ni saini. Mwenyekiti anasema yeye ameshatoa ruhusa kwa mdomo, barua ni ya kukamilisha faili tu. Mwenye nyumba akanivuta pembeni akaniambia atakayesaini atapewa fremu mpya kwa kodi ileile ya zamani.

Mjomba, kinachonichanganya ni kwamba barua si uongo mtupu. Vuli iliyopita upepo wa ziwani uliangusha tawi likavunja kioo cha bajaji. Kwa hiyo hatari ipo. Mume wangu anasema nisaini yaishe, mti si ndugu yangu. Mkataba wangu unaisha Desemba, na huyu baba akikasirika najua nitahama. Nisaini au nisisaini? Na huu mti ni wa nani hasa?

Fundi, Mwanza

*

Marahaba, mpwa wangu.

Usisaini.

Nimeanza na hilo kwa sababu wakati wowote watarudi na kalamu, na mengine yote unaweza kuyasoma ukiwa umekaa. Barua inasema mti umeoza. Wewe umeuona umeoza? Ulichokiona ni vitu viwili: tawi lilianguka wakati wa upepo, na gome limebanduliwa na mtu usiku. Cha kwanza barua imekikuza, cha pili imekiruka kabisa. Sasa fikiria mambo yatakavyokwenda. Mti uliobanduliwa gome kuzunguka shina hukauka polepole. Baada ya miezi kadhaa afisa akija atakuta mti mkavu kweli, na mezani kwake ataikuta barua ya wakazi wenyewe, yenye saini yako, inayosema ulikuwa umeoza tangu zamani. Aliyeshika tindo usiku ule atakuwa amesafishwa na ninyi. Simtuhumu mwenye nyumba wako, maana hakuna aliyeona. Nasema tu kwamba barua ile inamfaa yeyote aliyefanya kazi ile.

Na hiyo kodi ya zamani, mpwa, imeandikwa wapi? Saini yako anaitaka kwenye karatasi, ahadi yake anaitoa pembeni kwa sauti ya chini. Mtu mwenye nia ya kukupa fremu kwa bei fulani huiweka kwenye mkataba, na hahitaji mti ufe kwanza.

Sasa ni wa nani. Kiwanja kilichopimwa kina mawe ya mpaka, bikoni, na namba zake ziko kwenye ramani iliyoambatanishwa na hati. Ukivuta kamba kutoka bikoni moja ya mbele hadi nyingine, kilicho upande wa nyumba ni cha mwenye kiwanja. Kilicho upande wa barabara, yaani mtaro, njia ya miguu na mti wenu kama uko ng'ambo ya mtaro ulivyoeleza, kiko kwenye hifadhi ya barabara. Hifadhi ya barabara inasimamiwa kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, mitaa kama wa kwenu iko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Usafi, kivuli na mazingira ya mji ni kazi ya halmashauri. Katika wote hao, mwenye nyumba hayumo.

Kwamba baba yake aliupanda, namwamini, na Mungu amlipe mzee. Wazee wengi walipanda mbele ya nyumba zao na ndiyo maana mji huu wa mawe una kivuli popote pale. Lakini kupanda mti kwenye ardhi ya umma hakuifanyi ardhi hiyo kuwa yako. Aliyechimba mtaro mbele ya nyumba yake hawezi kuufukia kesho kwa sababu jembe lilikuwa lake. Akitaka kubishana, mwambie kwa adabu avute ile kamba. Ikitokea shina liko ndani ya mpaka wake, mazungumzo yanabadilika kidogo, ingawa hata hapo atatakiwa kuiuliza halmashauri kabla ya kuangusha mti mkubwa mjini.

Mwenyekiti wa mtaa mnamchagua ninyi, na ana kazi nyingi za heshima. Anaweza kuandika barua ya utambulisho, anaweza kuita kikao, anaweza kusuluhisha. Ruhusa ya kukata mti wa barabarani hana, na ya mdomo ndiyo kabisa haipo. Kama kweli ameruhusu kwa mdomo, mwombe aandike na kugonga muhuri. Utashangaa jinsi kalamu itakavyokuwa nzito ghafla.

Njia yenyewe si ngumu kuielewa. Anayetaka mti ukatwe, au hata upunguzwe sana, anaandika kwa mkurugenzi wa halmashauri, barua ikipitia kwa mtendaji wa mtaa na mtendaji wa kata. Mkurugenzi anaishusha kwa afisa mazingira au afisa misitu, ambaye anapaswa kuja kuuona mti kwa macho, na upande wa barabara unaulizwa. Kikitoka kibali kinakuwa cha maandishi: mti upi, sababu ipi, nani atakata, magogo yanakwenda wapi. Kwako wewe halmashauri ni Manispaa ya Ilemela, siyo Jiji la Mwanza. Wengi wanakosea hapa kwa kuwa kwa macho mji ni mmoja, lakini tangu 2012 halmashauri ni mbili, kila moja na sheria ndogo zake na ofisi zake. Barua ikienda kwa wasiohusika italala.

Kuhusu hizo sheria ndogo. Halmashauri za miji zinapewa uwezo wa kuzitunga na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288, na hazianzi kutumika mpaka waziri azikubali na zitangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Maana yake ni kwamba ni hati ya umma. Nenda ofisi ya kata ukaombe kusoma sheria ndogo za usafi na hifadhi ya mazingira, maana humo ndimo halmashauri nyingi zinaingiza miti: marufuku ya kukata, kuchoma au kuharibu bila kibali, na adhabu yake. Adhabu usiamini ya kusimuliwa, isome mwenyewe.

Sheria ndogo haisimami peke yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inataka kila mamlaka ya serikali za mitaa iwe na afisa wa mazingira. Kwa hiyo ukienda kumtafuta hukwenda kuomba hisani. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 326, inamgusa anayeharibu mali kwa makusudi na bila haki, na haisemi kwamba mali lazima iwe gari. Ukitaka kupanda juu zaidi, Ibara ya 27 ya Katiba inamtaka kila mtu alinde maliasili na mali ya umma. Mume wako akisema mti si ndugu yako, hapo yuko sahihi kabisa. Ni mali yenu.

Sasa nisikilize kwenye gome, kwa sababu hapa muda unakimbia.

Maji hupanda kutoka mizizini kupitia kwenye mbao yenyewe, ndani ya shina. Chakula kinachopikwa na majani hushuka kupitia tabaka laini lililo chini ya gome. Ukibandua mkanda kuzunguka shina, maji yanaendelea kupanda na majani yanabaki mabichi, huku mizizi inakufa njaa. Ndiyo maana wahalifu wa miti wanaipenda njia hii. Haina kelele ya msumeno, na mti unapokuja kukauka kila mtu ameshasahau. Umeandika "karibu kuzunguka". Hilo neno karibu ndilo tumaini letu. Fungueni gunia mchana, safisheni ule udongo taratibu kwa maji, mtafute kama kuna kipande cha gome ambacho hakikukatwa. Hata kama ni upana wa vidole vinne, mti una njia ya kupitishia chakula, na mwarobaini ni mti mgumu kufa. Kipande hicho kisiguswe, kisigongwe msumari, kisifungwe waya. Benchi lako lihamishe kidogo lisisugue. Kingo za kidonda zilizochanika zisawazishwe kwa kisu kikali, na msipake rangi wala lami. Watu wanadhani wanatibu, kumbe wanafungia unyevu ndani.

Kabla ya kusafisha chochote, piga picha. Moja ya mti mzima na fremu nyuma yake ili pajulikane ni wapi, moja ya mkanda ukiwa umeweka futi yako ya kushonea kando ya kidonda ili upana usomeke, moja ya udongo wenye oili. Andika tarehe mliyoukuta. Udongo unaonuka uchimbueni juu juu, kiasi kidogo kiwekeni kwenye mfuko mkifunge kwa ajili ya afisa, pajazwe udongo msafi na mmwagilie maji ya kutosha.

Tunakuja kwenye tawi la bajaji. Wanaotetea miti huwa wanaliruka hili, na hapo ndipo wanapopoteza watu. Tawi liliangukia bajaji. Lingeweza kuangukia mtoto. Mwenye nyumba ana hoja hapa na mkimnyima mtakuwa mnadanganya kama barua yake. Swali la haki ni je, mti wote ni hatari au matawi fulani? Afisa akija atatazama uyoga unaoota shinani, sehemu inayobonyea ukiigonga, ufa unaoshuka kwenye panda ya matawi, udongo ulioinuka upande mmoja kana kwamba mti unang'oka, na matawi makavu yaliyo juu. Ninyi wenyewe mnaweza kuyatazama hayo asubuhi kabla hamjafungua kazi. Tawi moja kuanguka kwenye upepo wa vuli hakuthibitishi kuoza. Mara nyingi ni tawi lililochipua baada ya mti kukatwa kichwa miaka ya nyuma, maana machipukizi ya namna hiyo hushika juu juu tu na yakinenepa yanajibomoa.

Dawa ya matawi ni kuyapunguza kwa kibali na kwa mtu anayejua. Fundi mzuri hukata tawi kubwa kwa hatua tatu: anaanza chini ya tawi, mbali kidogo na shina, akiingiza msumeno kidogo ili gome lisichanike kushuka chini, halafu anakata kutoka juu, tawi linaanguka, mwisho anasafisha kibaki chake karibu na shina bila kula ile shingo nene tawi linapoanzia. Ukimwona anapanda na panga na kuanza kufyeka kichwa chote, mteremshe. Na kama kuna nyaya za umeme karibu na matawi, asipande mtu yeyote, waiteni TANESCO.

Na hapa ndipo mwenye nyumba anaweza kupata anachokitaka bila kuua mti. Anataka fremu zionekane. Ukiondoa matawi ya chini na kuinua kichwa cha mti, macho ya mtu aliye ndani ya daladala yanapita chini ya majani moja kwa moja hadi kwenye bango. Kivuli kinabaki, bango linaonekana. Kuhusu lori la kokoto, sijawahi kuona ujenzi Mwanza ulioshindikana kwa sababu lori halikugeuka. Kuna toroli na kuna vijana. Ghorofa lenyewe pia linahitaji kibali cha ujenzi kutoka halmashauri hiyohiyo, kwa michoro inayoonyesha kiwanja na barabara. Wakati wa kujadili mti ulikuwa pale. Halmashauri ingeweza kabisa kumwambia kibali cha kujenga kinakuja na sharti la kuutunza mti, au kupanda mingine. Faini peke yake haimtishi mtu anayetarajia kodi ya fremu kumi na mbili. Anaihesabu kwenye gharama za ujenzi pamoja na nondo.

Miji mingine imelijua hili zamani. New York, mti wa barabarani uko chini ya idara ya bustani za jiji, hata kama uko mlangoni kwako, na anayeukata bila kibali anaweza kupigwa faini hadi dola 15,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja. Lakini kinachowauma wajenzi kule ni fidia: ukiruhusiwa kuondoa mti, unatakiwa kurudisha kwa kipimo cha unene wa shina, kwa hiyo mti mmoja mnene unalipwa kwa miche mingi, siyo mche mmoja wa kupigia picha. San Francisco walikuwa na tatizo linalofanana na la mwenye nyumba wako. Wenye nyumba wengi walikuwa wameachiwa mzigo wa kutunza miti ya jiji iliyo mbele yao, na kulipia njia ya miguu iliyopasuliwa na mizizi, wakawa wanaichukia. Mwaka 2016 wakapiga kura, na mwaka 2017 jiji likachukua kazi yote ya utunzaji kwa fedha zake. Mtu ambaye mti haumgharimu kitu hana sababu ya kuumwagia oili usiku.

Hapa jirani, Nairobi, Novemba 2020, mgumo mkubwa wa Waiyaki Way ulikuwa ung'olewe kupisha barabara ya juu, watu wakapiga kelele, ukaokolewa kwa amri ya rais. Nilifurahi kama wengine. Ila miti mingi iliyosimama kwenye njia hiyohiyo haikupata rais, na ikaenda.

Niseme na la kwetu pia. Kila halmashauri nchini imewekewa lengo la kupanda miche 1,500,000 kwa mwaka, na Aprili mosi viongozi wanashika majembe. Vizuri. Mche wa Aprili bila maji ya Julai ni kijiti. Mwarobaini wenu umeshapita ukame wote huo, na hakuna bajeti inayoweza kununua mti wa umri ule ukiwa tayari umesimama. Ningependa maofisa wanaohesabu miche wahesabu pia ile mikubwa iliyoondoka mwaka huohuo, halafu tutoe.

Sasa cha kufanya. Badala ya kusaini barua yao, andikeni yenu. Wewe, mama wa samaki, vijana wa boda, na yule mwenye bajaji pia, hasa yeye, maana ndiye aliyeumia na saini yake itaonyesha hamfichi kitu. Iende kwa mkurugenzi wa manispaa, kupitia kwa mtendaji wa mtaa na wa kata, nakala kwa afisa mazingira na kwa TARURA. Isiwe ndefu. Semeni mti uko wapi, tawi lilianguka lini, gome lilikutwa limebanduliwa lini, na kwamba mnaomba ukaguzi wa kitaalamu na kupunguzwa kwa matawi yatakayoonekana ni hatari. Msimtaje mwenye nyumba kama mtuhumiwa. Msiandike "tunahisi". Ambatanisheni picha. Anayepokea barua agonge muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu, na tarehe. Msione haya kuuliza majibu baada ya wiki. Asiyekuwepo na lake halipo, na faili linalofuatiliwa huwa juu ya mengine.

Mjiandae pia kwa jibu msilolipenda. Inawezekana afisa akakuta kidonda kimezunguka shina lote, mti hautapona, na ukikauka kwenye kijiwe chenye watu itakuwa hatari ya kweli. Hapo atatoa kibali ukatwe na atakuwa sawa. Hata hivyo mtakuwa mmepata kitu: rekodi kwamba mti uliuawa, ombi la kupandiwa mwingine mahali palepale, na mwenye nyumba anayejua kuwa mche mpya una macho yanayoutazama. Ombeni hayo kwenye barua ileile.

Wakija na msumeno kabla ya majibu, na watu wa namna hii huja Jumapili au siku ya sikukuu ofisi zikiwa zimefungwa, usisimame mbele ya mashine. Omba kuonyeshwa kibali cha maandishi. Kama hakipo, mpigie mtendaji wa kata na polisi hapohapo, piga picha ya gari linalopakia na namba yake. Magogo kuyasafirisha nako kuna hati yake, ile wanayoiita TP, inayotolewa na watu wa misitu, TFS. Mkata mti wa usiku kwa kawaida hana. Dereva akisikia neno TP huwa anakumbuka safari nyingine.

Kuhusu Desemba. Soma mkataba wako leo, sehemu ya notisi na sehemu ya kuongeza muda. Kukataa kusaini barua ya wakazi si kosa la mpangaji, na mpaka mkataba uishe hawezi kukutoa kwa hasira. Akijaribu, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lipo kwa mambo hayo. Lipa kodi kwa njia inayoacha ushahidi, benki au simu, usimpe sababu. Baada ya Desemba nisikudanganye, anaweza kukataa kuongeza, na anaweza kupandisha kodi hata kwa waliosaini. Kwa hiyo anza taratibu kuangalia fremu nyingine mtaa huohuo, na wateja wako wape namba ya simu mapema.

Atakuuliza kwa nini hujasaini. Usimpe hotuba ya mazingira. Mwambie, "Baba, mimi sijui kama umeoza, naomba afisa aje aangalie, akisema ni hatari nitasaini siku hiyohiyo." Ni jibu la heshima, ni la kweli, na hana pa kulikamatia. Mumeo mwonyeshe barua hii, na nakala yenu yenye muhuri wa kupokelewa usiiache dukani.